Motokaa Nne Kuukuu, toka Mutoshi mpaka Lubumbashi

Mutoshi ni mahali padogo katika ramani ya Kongo, kilomita chache tu kaskazini-mashariki ya mji wa Kolwezi, katika nchi ya juu ipitayo meta 1,400 toka usawa wa bahari. Wazee wengi bado hupaita Ruwe, maana ndilo jina lililoandikwa katika vitabu vya Wabelgiji, na kwa jina hilo Wazungu walianza kuchimba dhahabu hapo katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini, kabla mtu ye yote hajawaza kuujenga mji wa Kolwezi. Kolwezi wenyewe ni mtoto: ulianzishwa mwaka 1937. Lakini kabla ya hao wote, wahenga wa nchi hii walikwisha kujua kuyeyusha shaba katika tanuru za udongo wa vichuguu, wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba ile ikawa fedha na mahari mpaka nchi za mbali. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyekuwa mkuu wa misioni za Katanga na baadaye Askofu, aliandika habari za wafua shaba hao mwaka 1926, akawaita watu walao shaba.

Siku hizi shaba huliwa na wengine. Mchana na usiku malori makubwa hutoka katika nchi yetu, yamechukua sahani za shaba na magunia ya kobalti, kwenda mpaka wa Kasumbalesa na toka hapo mpaka bandari za Dar es Salaam na Durban. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake huingia katika betri za motokaa zisizotumia petroli. Motokaa moja ya namna hiyo huweza kuwa na shaba kama kilo 80 ndani yake. Wanafunzi wangu walipoyasikia hayo darasani, mmoja aliniuliza kama mimi nimewahi kuiona motokaa hiyo hapa Mutoshi. Nikamjibu kwamba sijaiona. Motokaa za Mutoshi ninazozijua mimi zina umri wa kunizidi, na ndizo ninazotaka kuwasimulia wasomaji, kwa kuwa mwezi wa Julai 2024 nilisafiri nazo kilomita 300 hivi mpaka Lubumbashi.

Zilikuwa nne. Ya kwanza Peugeot 404, rangi yake nyeupe iliyogeuka kuwa ya maziwa ya zamani. Ya pili Volkswagen, ile ya mgongo wa mviringo kama kobe, mali ya mama mmoja mwuguzi aliyestaafu. Ya tatu Land Rover ya miaka ya 1960, iliyokuwa ya misioni, ambayo sasa ni ya mkatekista wetu mzee. Ya nne lori la Mercedes lenye pua fupi, nalo lilikuja nyuma limechukua mapipa ya maji, mipira ya akiba, kamba ya kuburutia, masufuria na unga wa bukari. Wenyewe hawana chama wala mhuri wala mwenyekiti. Hukutana tu Jumapili baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe, kila mmoja akiinua boneti yake kama mama anayemfunua mtoto ili jirani amwone jinsi alivyonenepa. Walikuwa wamenuia tangu zamani kwenda Lubumbashi pamoja, motokaa zote kwa miguu yao wenyewe. Nami nilialikwa kwa sababu Peugeot ilikuwa na nafasi nyuma, na kwa sababu mwenye Peugeot macho yake hayaoni tena maandishi madogo, naye alitaka mtu wa kushika daftari.

Daftari hilo lataka maelezo. Mwenye Peugeot ni mzee wa miaka 78, ambaye mtaa mzima humwita Papa. Aliingia kazini mwaka 1966 katika karakana za Union Minière, naye hakubadili meza yake ya kazi ingawa mwenye kampuni alibadilika: mwanzo wa mwaka 1967 Serikali iliitwaa mali ya Union Minière, ikaunda kampuni ya nchi ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Motokaa aliinunua mwaka 1974 kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku ile kila alichoitendea amekiandika: tarehe, kilomita, kipuri, bei, na mwishoni jina la fundi. Mahali pa fundi pana jina moja tu, ukurasa baada ya ukurasa, nalo ni lake.

Ukilisoma daftari hilo unasoma habari za nchi. Mwezi wa Mei 1978, waasi walipoingia Kolwezi na mamia ya watu wakauawa, Waafrika na Wazungu, kabla na baada ya askari wa miavuli wa Ufaransa kutua tarehe 19, pameandikwa maneno machache: magurudumu manne, chini ya mihogo. Aliyafukia shambani, akaiacha motokaa juu ya mawe mbele ya nyumba, na kila aliyekuja kuichukua alicheka akaenda zake. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na daftari limejaa mipira mipya na rangi mpya. Mwaka 1993 haikufika hata tani 50,000. Hapo daftari linabadilika: mpira wa zamani umeshonwa, kabureta imesafishwa kwa petroli, breki zimewekewa ngozi. Peugeot ikawa teksi. Ikachukua wagonjwa, magunia ya unga, maarusi, na majeneza pia, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni waliacha kazi kwa mpango wa kupewa fedha za kuagana, naye Papa alikuwa mmoja wao. Fedha zile alilipa karo za watoto, akaezeka nyumba, akanunua pistoni nne. Mkewe, marehemu sasa, hakumsamehe upesi kwa zile pistoni.

Sasa wanawe ni watu wazima, nao walikuwa wamemwendea kwa heshima zote kumwambia kwamba imetosha. Mtoto wa jicho umemwingia macho yote mawili, haruhusiwi tena kushika usukani. Mnunuzi wa chuma chakavu alikwisha kufika nyumbani mara mbili, akaitazama Peugeot, akahesabu uzito wake, kilo elfu moja na zaidi kidogo, akataja bei. Siwalaumu hao vijana. Uwanja ni mdogo, watoto hucheza karibu na chuma chenye kutu, na fedha hizo zingelipia kutibiwa kwa macho ya baba yao. Mzee akawajibu hivi: mjukuu wake, kijana wa miaka 19 anayesoma ufundi wa motokaa katika shule ya kazi, ataiendesha mpaka Lubumbashi. Ikifika kwa nguvu zake yenyewe, mnunuzi asirudi tena. Ikiburutwa kwa kamba, hata kilomita moja, mnunuzi aje na mizani yake.

Ndiyo sababu watu wengi kuliko nilivyotazamia walikuja kanisani siku ya Alhamisi, tarehe 25 Julai, ambayo ni siku ya Mtakatifu Yakobo Mtume na tangu kale pia siku ya Mtakatifu Kristoforo, msimamizi wa wasafiri. Padre alizibariki motokaa zote nne kwa maji ya baraka, na lile lori likapata mara mbili kwa ukubwa wake. Kisha akatukumbusha jambo ambalo wakristu wengi hawalijui: kwamba wenye motokaa wanaye msimamizi mwingine, Mtakatifu Fransiska wa Roma, aliyewekwa na Papa Pio wa Kumi na Moja mwaka 1925. Fransiska aliishi miaka mia tano kabla ya motokaa. Amechaguliwa kwa ajili ya masimulizi ya kwamba malaika alimtangulia usiku katika njia za Roma akimwangazia na taa. Mama wa Volkswagen, ambaye taa yake moja ya mbele ilikuwa imekufa tangu Pasaka, alisema kwa sauti kwamba huyo ndiye mtakatifu wake.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Wasiokaa Katanga hudhani Afrika yote ni joto, lakini asubuhi za Julai huku pumzi ya mtu huonekana kama moshi, nasi tulivaa makoti. Peugeot ilikataa kuamka kwa betri. Basi kijana akatoa ile manivela, chuma cha kupinda cha kuwashia kwa mkono, akaichomeka mbele, akazungusha mara tatu, na injini ikakohoa, ikanguruma. Papa alikaa upande wa abiria, kofia kichwani, mikono juu ya magoti, akitazama mbele kana kwamba anaona kila kitu. Kumbe alikuwa akisikiliza.

Njiani nilimsimulia kijana habari za mtu wa kwanza kuivuka Afrika kwa motokaa toka bahari mpaka bahari, Mjerumani Paul Graetz. Huyo aliondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1907, akapita Tabora na Ujiji, akashuka mpaka Rhodesia na Afrika ya Kusini, akafika Swakopmund mwezi wa Mei 1909. Siku 630 hivi. Barabara hazikuwapo, petroli ilipelekwa mbele yake kwa vichwa vya wapagazi, na kila kilichovunjika alikingoja kutoka ng'ambo kwa miezi. Papa, niliyedhani hasikii, akauliza, “Na wapagazi hao, Mwalimu, majina yao yameandikwa?” Nikasema kwamba hayakuandikwa. Akanyamaza tena.

Ukitoka Kolwezi kwenda Likasi unavuka mto Lualaba, na ningependa kila mwanafunzi wa nchi yetu asimame pale juu ya daraja mara moja katika maisha yake. Mto si mkubwa sana mahali hapo. Upande wa kaskazini ulijengewa lambo la Nzilo, lililomalizika mwaka 1952, na la Nseke mwaka 1956, ili kuzipatia migodi umeme. Lakini maji yale yale hushuka mpaka Bukama, Kongolo na Kindu, hupita maporomoko ya karibu na Kisangani, na toka hapo huitwa Mto Kongo mpaka baharini. Livingstone alifika ukingoni mwake, kule Nyangwe, mwaka 1871, akawaza kwamba ndio Nile. Hatukukaa muda mrefu. Malori hayapendi watu waliosimama darajani.

Na hayo malori ndiyo yaliyotuletea shida. Siku za zamani barabara hii ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope la kuzamia wakati wa masika; siku hizi ni lami, na kuna vituo vya kulipia njia, wala sisemi kwamba si nzuri. Lakini msururu wa malori yenye mizigo ya tani nyingi hupanda vilima kwa mwendo wa mtu atembeaye, na motokaa ndogo iliyo nyuma haina upepo wa kuipoza. Kupita Lualaba tulikwama nyuma ya malori saba. Jua lilikwisha kupanda. Nikaona mshale wa joto la maji ukielekea kulia, pole pole, kisha kwa haraka. Kabla hatujafika juu ya kilima, mvuke ulitoka chini ya boneti, na kijana akaiweka motokaa kando ya barabara.

Wenzetu wote wakasimama. Kijana akainua boneti, akachungulia kama palipopasuka mpira wa maji; haukupasuka. Pampu haikuvuja. Mkanda ulikuwa mzima, umekazwa vema. Akashika kichwa. Dereva wa lori, mtu mwema asiyependa kupoteza saa, alishuka na ile kamba begani. Hakusema neno, lakini sote tuliiona kamba. Mama wa Volkswagen akajaribu kuwachekesha watu: “Yaya, mimi nilikuambia zamani. Yangu hainywi maji, basi haichemki.” Na ni kweli, maana injini ya Volkswagen ile hupozwa kwa upepo tu. Hakuna aliyecheka.

Papa hakushuka. Alimwita mjukuu wake dirishani, akamwuliza, “Tulipokuwa tukipanda, ulisikia nini?”

“Injini, Papa.”

“Na ni nini ambacho hukukisikia?”

Kijana akasimama kimya. Huko shuleni hujifunza motokaa za kisasa, ambazo maradhi yake husomwa kwa kompyuta, na hakuna kompyuta inayouliza swali kama hilo. Kisha nikamwona uso wake umebadilika. “Feni,” akasema. “Haikuvuma.”

Niwaeleze wasomaji. Katika motokaa nyingi za zamani feni huzunguka daima, injini ikiwa moto au baridi. Ya Peugeot 404 ni ya akili zaidi. Injini ikiwa baridi, feni imeachana na gurudumu la mkanda, haina kazi. Maji yakipata moto, umeme hupita katika kipande kidogo cha kaboni, sumaku huvuta, feni hushikwa, nayo huanza kuvuma. Kaboni ile huliwa kidogo kidogo, kama chaki ubaoni. Ya Papa ilikuwa imeliwa yote. Barabarani tambarare, upepo wa mwendo ulitosha. Nyuma ya malori saba haukuwapo upepo wala feni.

Basi afanye nini mtu aliye kilimani bila kaboni? Waliotengeneza motokaa ile walikwisha kuwaza hilo: ziko skrubu ambazo ukizikaza huishika feni hata isiweze kuachana tena na gurudumu lake, nayo huzunguka wakati wote kama feni za wengine. Haimo katika masomo ya kijana. Imo katika kichwa cha Papa, na nina shaka kama imo katika vichwa vya watu kumi katika Lualaba nzima. Mzee akafungua bati la biskuti alilokuwa nalo miguuni, akapapasa spana zake, akachagua moja kwa vidole bila kuitazama, akamkabidhi kijana. Akamwambia ni skrubu zipi, azikaze kwa zamu, kidogo kidogo, zisije zikaipinda feni. Zaidi ya hayo hakusema kitu. Nilitazama mikono yake: ilikuwa ikikaza hewa juu ya magoti.

Ilichukua muda kama wa Misa fupi. Kwanza tulingoja injini ipoe, kwa sababu kukifungua kifuniko cha radieta ingali moto ni kujitakia kuungua uso. Vijana wangu walio na pikipiki na wenye haraka wasome mstari huo mara mbili. Ndipo kijana akajaza maji, akazungusha manivela, na feni ikavuma tangu mwanzo. Dereva wa lori akairudisha kamba yake garini. Juu ya kilima mshale ulirudi katikati, ukakaa hapo.

Tulikula Fungurume, bukari na samaki na sombe, ardhi ikitetemeka kwa malori yanayotoka katika mgodi mkubwa ulioanza kutoa shaba mwaka 2009. Hapo ulimi wa Papa ulifunguka. Alitusimulia jinsi walivyokuwa wakisikiliza redioni mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yale yaliyoanza mwaka 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika mvua za Pasaka. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka na 7 tu zikamaliza, na aliyeshinda, Nick Nowicki, alikuwa na Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki tena, kwa 404, na tena 7 tu walimaliza. Mzee alizitaja tarehe hizo kama mtu atajaye Baba Watakatifu. Nikamwambia kwamba tangu mwaka 2003 kuna mashindano mengine huko Kenya ya motokaa za zamani peke yake, na kwamba mwaka 2011 yalishindwa na Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa bingwa wa dunia zamani za ujana wake. Lakini wale ni watu wenye uwezo. Hufuatwa na magari ya mafundi, na vipuri tele. “Sisi pia tunafuatwa,” akasema mama wa Volkswagen, akilionyesha lori na masufuria yake.

Likasi tulipita bila kukawia. Ni mji wa miti na viwanda, ulioitwa Jadotville siku za Wabelgiji, nao unastahili makala yake peke yake. Hapo nilihamia katika Land Rover ili kumpa mkatekista mtu wa kuzungumza naye, maana mzee huyo huanza kusinzia baada ya chakula. Ndani mna harufu ya mafuta na ya nguo za Misa, ingawa hazijachukuliwa humo kwa miaka mingi. Mwili wake ni wa alumini, maana Land Rover ilipoanza, mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Ndiyo sababu kutu haikuila. Mkatekista alinionyesha mahali juu ya dirisha palipokuwa na sahani ndogo ya wafadhili. Misioni nyingi zilipata motokaa kwa sadaka za watu wa mbali, na shirika moja la kazi hiyo, MIVA, lilianzishwa mwaka 1927 na Padre Paul Schulte wa Oblati, kwa kuwa rafiki yake, Padre mwenziwe, alikufa Afrika ya Kusini-Magharibi kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi kwa mganga. Huko Austria, shirika la jina hilo liliwafundisha wenye motokaa kutoa senti ndogo kwa kila kilomita waliyokwenda salama. Mkatekista alipiga hesabu ya kilomita zetu, akasema kwamba kwa sadaka ile angekuwa ameinunua Land Rover yake mara ya pili.

Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi msitu wa miombo unapungua mwaka hata mwaka, na kando ya barabara magunia ya makala yamepangwa kama askari. Nalijua neno wanalojibu wachoma makaa mtu akiwauliza: watoto hawali miti. Jua lilizama kabla hatujafika. Mama wa Volkswagen, mwenye jicho moja la taa, aliwekwa katikati ya msafara, Peugeot ikamtangulia. Ndipo tukaona taa za mji, na lile dohani refu karibu na mlima mweusi wa taka za tanuru za shaba. Tulipoingia nyua za wenyeji wetu, simu ya Papa ililia. Ni mwanawe mkubwa aliyetaka kujua. Mzee alimpa mjukuu simu, naye kijana akajibu maneno mawili tu: “Bila kamba.” Nilisikia upande wa pili mtu akicheka, nao haukuwa mcheko mbaya. Habari ya macho nayo haikuachwa. Walikubaliana siku ya pili yake kwamba wote watachanga.

Jumapili tulisali katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Injili ya siku ile ilikuwa ya yule mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Jumatatu asubuhi, kabla ya safari ya kurudi, mimi na Papa na mjukuu tulikwenda soko la Kenya. Wasomaji wa mbali wasistaajabu, Kenya ni mtaa wa Lubumbashi. Kuna wauzaji hapo ambao wametandika vipuri vya zamani juu ya magunia, kama mama anayepanga nyanya. Kaboni ya feni ya 404 haikupatikana. Ilipatikana ya mashine nyingine, nene kidogo, na kijana akaketi ukingoni mwa barabara akaipiga tupa, akiipima kwa kidole, mpaka ikatosha. Papa aliishika, akaigeuza, akamrudishia aondoe kidogo tena upande mmoja.

Kisha mzee akauliza bei ya diski ya klachi. Diski iliyomo ni nzima. Nimeona katika daftari kwamba ilitiwa mwaka 2019, nayo haitakwisha kesho wala mwakani. Alibishana na muuzaji kwa nusu saa, akaondoka mara mbili, akarudi, akalipa. Ikafungwa katika karatasi za gazeti, akaikumbatia.

Nikafungua daftari niandike. Mzee akanizuia, akasema kijana aandike mwenyewe. Kijana akaandika tarehe 29 Julai 2024, kilomita, kaboni, diski, bei ya kila kimoja, kwa mwandiko wa shule. Alipofika mwisho wa mstari akasimamisha kalamu, akauliza aandike jina gani mahali pa fundi.

“Lako,” Papa akasema. “Fanya upesi, lori linatungoja.”